Tuzo ya Jarida na Ukumbi Uliozomea

Tarehe 3 Agosti 1995, katika ukumbi wa Paramount pale Madison Square Garden jijini New York, ilifunguliwa bahasha ya tuzo ya kundi jipya la rap la mwaka na jina la OutKast likasomwa. Waliolisoma ni akina dada wa Salt-N-Pepa pamoja na Kid wa Kid 'n Play. Wenye jina, André na Big Boi, walikuwa vijana wa miaka 20 kutoka Atlanta, kusini mwa Marekani. Ukumbi, uliojaa watu wa New York walioiona hip hop kuwa mali yao, ukazomea. Walizomea kwa sauti ambayo kamera za televisheni ziliinasa, na mpaka leo ukiitafuta video yake utaisikia vizuri kabisa.

Big Boi alitangulia kwenye maiki. Akamshukuru Mungu, akawasalimu New York kwa adabu ya mgeni anayejua yuko kwenye himaya ya watu. Kelele hazikutulia. Kisha akaja André. Ukimwangalia usoni unaona kijana anayemeza hasira huku anatafuta maneno. Akasema amechoka na watu waliojifungia akili zao, kwamba wao wana kanda yao ya demo lakini hakuna anayetaka kuisikiliza. Akamalizia kwa sentensi ambayo kila mpenzi wa hip hop anaijua: Kusini wana la kusema, na mimi sina zaidi ya hilo.

Sentensi hiyo imeandikwa sana na kusifiwa sana, na inastahili. Mimi hurudi kwenye bahasha. Zile zilikuwa tuzo za The Source, jarida lenye ofisi zake New York, lililosomwa na kupendwa kuliko kwingine kote na watu wa aina ile ile waliojaa ukumbini usiku ule. Jina lililoandikwa ndani ya bahasha halikuwa jina walilolitaka, na bado likasomwa. Ninapoulizwa tuzo ya muziki inayostahili kuheshimiwa inafananaje, jibu langu ni hiyo dakika: tuzo inayoweza kutolewa mbele ya mashabiki wako huku wakikuzomea.

Kwa asiyelijua, The Source lilizaliwa mwaka 1988 kutoka kwa wanafunzi wawili wa Harvard, David Mays na Jon Shecter, waliokuwa na kipindi cha rap kwenye redio ya chuo. Mwanzo wake ulikuwa ni karatasi moja tu ya habari za muziki, waliyowatumia wasikilizaji wa kipindi chao. Baadaye wakahamia New York, karatasi ikawa jarida, na jarida likawa kitu ambacho vijana walikiita Biblia ya hip hop. Magazeti makubwa ya wakati ule yaliuona muziki wa kufokafoka kama kelele za kupita. Hata Grammy zilipoanza kuwa na tuzo ya rap mwaka 1989, tuzo yenyewe ilitolewa nje ya matangazo ya televisheni, na baadhi ya walioteuliwa, akiwemo Will Smith na mwenzake Jazzy Jeff ambao ndio walioshinda, wakasusia sherehe. Muziki ulikuwa na wenyewe lakini haukuwa na baraza la kuutetea. Jarida la vijana wa chuo likajitwika kazi hiyo.

Silaha yake kubwa ilikuwa ukurasa wa uhakiki. Kila albamu ilipewa alama kwa michoro ya maiki, kuanzia moja hadi tano. Palikuwepo hata nusu maiki. Hiyo nusu ilikuwa na maneno mengi ndani yake: albamu ya kwanza ya Dr. Dre baada ya kutoka kundi la N.W.A ilipewa nne na nusu, na watu wakabishana miaka kwa sababu ya nusu iliyokosekana. Maiki tano zilitolewa kwa ubahili mkubwa. Mwaka 1994 zilipokwenda kwa Illmatic ya Nas, aliyeandika uhakiki ule alikuwa Minya Oh, msichana aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo. Hebu lifikirie hilo. Kijana wa Queensbridge, mtaa wa New York, anatoa albamu yake ya kwanza, binti mwanafunzi anaisikiliza, na wahariri wanakubali kutoa alama ambayo walikuwa wameiweka juu ya kabati.

Palikuwa pia na safu iliyoitwa Unsigned Hype, kwa ajili ya wasanii wasio na mkataba na kampuni yoyote. Mtu anatuma kanda, inasikilizwa, akionekana anaandikwa. Mwaka 1992 aliandikwa humo kijana mnene wa Brooklyn ambaye baadaye dunia ilimjua kama Notorious B.I.G. DMX aliandikwa, Common aliandikwa, na Eminem alipita hapo mwaka 1998. Kwangu mimi safu hii ilikuwa tuzo kabla ya tuzo. Haikuwa na jukwaa wala zulia jekundu, lakini ilitaka kitu kigumu kuliko vyote katika kazi hii: mtu mwenye masikio akae chini, asikilize kanda ya mtu asiyemjua, na awe na ujasiri wa kusema huyu anajua.

Sisi tuliokulia Dar es Salaam tulilisoma jarida hili kwa kuchelewa na kwa vipande. Nakala zilikuja na watu waliotoka nje, zikapita mikono mingi, zikaishia kwa wauza magazeti ya zamani waliokuwa wakitandika bidhaa zao chini, pembeni ya barabara za mjini. Mara nyingi jalada lilikuwa limeng'oka, na bango la katikati kama lilikuwepo lilikuwa limeshabandikwa kwenye ukuta wa chumba cha mtu. Tulisoma uhakiki wa albamu ambazo hatujawahi kuzisikia na ambazo tungezisikia baada ya miezi, kama mtu angebahatika kurekodiwa kanda. Zilikuwa ni enzi za kundi letu la rap la Kwanza Unit, baada ya Saleh Jabir kutuonyesha kwamba mistari ya Kiswahili inakaa juu ya mdundo, na njaa ya kujua wenzetu wa mbali wanafanya nini ilikuwa kubwa. Msomaji wa hali hiyo hana namna ya kumkagua mhakiki. Anamwamini tu. Ukimwambia hii ni maiki tano, ataitafuta kanda hiyo Kariakoo nzima. Ukimwambia ni mbili na nusu, ataiacha hata akiiona. Hapo ndipo nilipojua uzito wa mtu kuaminiwa masikio yake, na ndiyo sababu nalichukulia jambo hili kwa uzito nilionao.

Tuzo, basi, zilikuwa matunda ya ukurasa ule. The Source walipozifanya pale Paramount mwaka 1994, watu walijaa kwa sababu jarida lilikuwa limeshajenga jina la kutojipendekeza kwa mtu. Hata vurugu za mwaka ule zilikuwa na uhai wake: A Tribe Called Quest wakiwa jukwaani wanapokea tuzo, muziki wa Tupac ukafunguliwa na yeye akaingia kutumbuiza juu ya maneno yao. Mwaka uliofuata Ready to Die ya Biggie, yule yule Notorious B.I.G., ambayo ukurasa wa uhakiki uliipa maiki nne na nusu, ikachukua albamu ya mwaka. Illmatic yenye tano zake ikatoka mikono mitupu. Wapo wanaoliona hilo kama jarida kujipinga. Mimi nalipenda. Uhakiki ni neno la msikilizaji mmoja katika wiki ambayo albamu imemfikia, na tuzo ni hukumu ya mwaka mzima, baada ya mitaa, redio na magari kusema yao. Kama vyote viwili vingetoa jibu moja kila mara, kimoja kingekuwa cha kazi gani?

Usiku ule wa Agosti 1995 wengi wanaukumbuka kwa ugomvi. Suge Knight, bosi wa Death Row, kampuni ya muziki ya California huko Magharibi, alisimama kwenye maiki na kuwaalika wasanii wasiotaka bosi wa kampuni anayejitokeza kwenye kila video na kucheza kwenye kila wimbo waje kwake. Kila mtu ukumbini alijua anamsema Puff Daddy wa Bad Boy, kampuni ya New York iliyokuwa na Biggie. Dr. Dre aliposhinda tuzo ya prodyuza, kelele za kuzomea zikapanda, na Snoop akachukua maiki kuwauliza watu wa Mashariki kama kweli hawana upendo na yeye, na Dre na Death Row. Puff mwenyewe alipofika jukwaani alijaribu kupoza, akawapongeza wale wale waliotoka kumsema. Tupac alikuwa gerezani usiku ule. Septemba 1996 akauawa, Machi 1997 Biggie naye akauawa. Sitaki kuzibebesha sherehe za muziki damu ambayo haikumwagika pale. Ila ni kweli kwamba ukumbi ule uliwakalisha pamoja watu waliokuwa tayari hawakai meza moja, na waandaaji hawakuwa na mpango wowote wa nini kifanyike moto ukiwaka.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, kwa sababu linahusu kazi ya kuandika. Wakati OutKast wanazomewa, jarida lililowapa tuzo lilikuwa limeshapasuka kwa ndani.

Mays, mmoja wa waanzilishi, alikuwa karibu sana na kundi la Boston lililoitwa Almighty RSO, ambamo alikuwemo Raymond Scott, anayejulikana zaidi kama Benzino. Wahariri hawakuona sababu ya kuliandika kundi lile, na walilikataa. Toleo la Novemba 1994 lilipotoka, ndani yake kulikuwa na makala ya kurasa tatu kuhusu Almighty RSO. Mays alikuwa ameiingiza bila wao kujua. Wasomaji wangeiona ni makala kama makala nyingine. Wahariri waliiona kwa jina lake halisi: mwenye jarida amepita juu ya vichwa vyao ili kumbeba rafiki. Shecter, James Bernard, Reginald Dennis na wenzao wakaondoka. Waliacha jarida walilolijenga kwa mikono yao, likiwa juu kuliko lilivyowahi kuwa, kwa ajili ya kurasa tatu.

Kuna watu nimewasimulia kisa hiki wakaniambia wale jamaa walizidisha, kurasa tatu ni nini katika jarida zima. Sikubaliani nao hata kidogo. Msomaji aliyelipa hela yake hana chombo cha kupimia kurasa zipi zimeandikwa kwa moyo na zipi zimeandikwa kwa urafiki. Akijua kwamba tatu si za haki, atazitilia shaka zote, na atakuwa sahihi. Isitoshe, jarida lile liliendeshwa na matangazo ya kampuni zile zile za muziki ambazo albamu zake zilikuwa zinahakikiwa. Kampuni inanunua ukurasa mzima wa rangi mbele, na huko nyuma albamu yake inapewa maiki mbili na nusu. Kulikuwa na ukuta mmoja tu kati ya ule ukurasa wa mbele na huu wa nyuma, nao ni wahariri wenye uwezo wa kusema hapana. Ukishauvunja kwa ajili ya rafiki, hauwezi kuusimamisha tena kwa ajili ya mwenye pesa.

Na ndivyo ilivyokuja kuwa. Mwaka 1999 albamu ya Made Men, kundi la Benzino huyo huyo kwa jina jipya, ikapewa maiki nne na nusu, na mtaani watu wakacheka kwa uchungu. Agosti 2000 tuzo zilipelekwa Pasadena, California, na sherehe ikakatishwa katikati kwa sababu ya ngumi. Kuanzia 2003 kurasa za jarida zikageuzwa uwanja wa vita kati ya Benzino na Eminem, yule yule aliyekuwa ameandikwa kwenye Unsigned Hype. Mwaka 2006 Mays na Benzino wakaondolewa kwenye uongozi, na 2007 kampuni ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Wakati huo, XXL, jarida lililoanza 1997 likiwa na Bernard na Dennis kati ya wahariri wake wa kwanza, lilikuwa limeshachukua nafasi mezani.

Lakini historia haiendi kwa mstari ulionyooka, na kuna kitu kilitokea katikati ya kuporomoka huko ambacho hakinitoki akilini. Mwaka 1998 OutKast walitoa albamu yao ya tatu, Aquemini. Mwishoni mwa wimbo wa kufungia, Chonkyfire, waliweka sauti iliyorekodiwa usiku ule wa Paramount: jina linasomwa, ukumbi unazomea, André anasema Kusini wana la kusema. Walibeba kuzomewa kwao wakakuweka ndani ya kazi yao. Albamu hiyo ikaenda The Source kuhakikiwa, na ikapewa maiki tano. Yaani ndani ya nyumba iliyokuwa imeshaanza kuoza, bado walikuwepo watu waliokaa chini, wakasikiliza, wakasema kweli. Waandishi wa namna hiyo wapo kwenye kila chombo cha habari kinachozama. Hawatajwi sana, nami nawaheshimu mno. Februari 2004 Grammy nazo zikawapa OutKast albamu ya mwaka. Baraza lenye pesa na televisheni lilifika pale karibu miaka tisa baada ya bahasha ya Paramount.

Sasa nije nyumbani, maana sikuandika haya yote kwa ajili ya Wamarekani. Tanzania tuzo tumekuwa nazo tangu 1999, na kwa miaka mingi zilibeba jina la bia, Kilimanjaro. Wadhamini walitoa pesa, Baraza la Sanaa likasimamia, wasanii wengi walipata heshima yao ya kwanza kupitia pale, na hilo siwezi kulibeza. Mwaka 2015 zikasimama. Zikarudi mwaka 2022 zikiwa mikononi mwa Baraza na serikali. Wakenya walikuwa na Kisima, Waganda wakawa na PAM. Kwa hiyo aliyeshika tuzo katika nchi zetu amekuwa ni mdhamini, promota au serikali. Ninachokikosa ni tuzo zinazotoka kwa watu ambao kazi yao ya kila siku, mwaka mzima, ni kusikiliza muziki na kuuandika.

Tofauti yake naiona hivi. Mdhamini anahitaji usiku mzuri: mastaa waje, wavae, wapigwe picha, jina la bidhaa lionekane. Staa akikosa tuzo akanuna, mwakani hatakuja, na usiku utapooza. Kwa hiyo hata pasipo mtu yeyote kuhongwa, kuna mkono unaoisukuma tuzo kuelekea kwa aliye mkubwa tayari. Mashabiki wanaliona hilo na wana neno lao, anabebwa, na kila mwaka mabishano ni ya nani kabebwa badala ya kazi ipi ilikuwa nzuri. Kura za simu nazo hazikutuponya. Mwenye mashabiki wengi wenye salio ndiye mshindi, na hilo tulishalijua kabla ya kupiga kura.

Jarida huru lingeingia usiku ule na kitu ambacho wengine hawana, yaani mwaka mzima wa maneno yaliyoandikwa. Ukilalamikia tuzo, unarudi kwenye toleo la Machi unasoma walisema nini kuhusu albamu yako. Kama waliisifu Machi na wakaipuuza Desemba, waulize. Kama waliiponda na leo wanaipa tuzo, waulize zaidi. Hoja zao ziko wazi, zina majina ya waandishi, na zina tarehe.

Najua kinachosemwa: huku kwetu uhakiki hauwezekani. Ukiandika kwamba albamu ya staa ina nyimbo saba za kujazia, mashabiki wake watakuita una chuki, meneja atakupigia simu, na kwenye sherehe ijayo jina lako halitakuwepo mlangoni. Mwandishi mmoja ninayemfahamu aliandika uhakiki wa kiungwana kabisa kuhusu albamu iliyokuwa ikisubiriwa na wengi. Ulikaa mtandaoni kwa saa chache tu, kisha chombo alichokuwa akikifanyia kazi kikamtaka aushushe kwa sababu kulikuwa na tangazo linakuja. Aliushusha. Ana familia. Simlaumu, ila naitaja habari yake kwa sababu inaonyesha ukuta ule wa wahariri unavunjwa wapi: kwenye meza ya matangazo, kwa simu moja ya upole.

Na bado nasema inawezekana. Wale wa Harvard walianza na karatasi moja, na heshima yao haikutokana na sherehe. Sherehe ilikuja miaka baada ya ukurasa wa uhakiki kuwa umeshaaminiwa. Kwetu kila anayeota tuzo anaanzia kwenye ukumbi, taa na mdhamini, halafu anatafuta majaji wiki ya mwisho. Kama kuna vijana wanaosoma hapa wenye ndoto hiyo, ningewaomba waanze na vitu vidogo viwili. Uhakiki mmoja kila wiki, wenye jina la mwandishi na alama isiyobadilishwa kwa simu. Na safu moja ya wasiojulikana: wasikilize singeli inayorekodiwa kwenye vyumba vya Manzese na Mbagala, wasikilize wanaochana Mbeya, Tanga na Kigoma ambao hakuna meneja anayewapigia debe, wamchague mmoja kila mwezi na waeleze kwa nini yeye.

Wakishafanya hivyo miaka miwili mitatu, wakodi ukumbi, hata wa shule. Wasome jina la kijana wa Kigoma mbele ya Dar es Salaam iliyokuja kumshangilia mtu wake. Ukumbi ukizomea, wampe maiki na wamwache aseme.